Siku za Kuosha Tangi

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Baridi. Nimefagia zahanati ya misheni, nimefua mashuka, nimeanika. Halafu karavani, zahanati yetu ya magurudumu. Haijaguswa tangu Mei, Mutua wangu alipokufa kwa kichomi. Utando wa buibui mlangoni. Chini ya benchi, tangi la bati, na ndani yake maji yale yale aliyojaza yeye. Nimefungua koki. Yametoka ya kijani, yananuka. Nimeyatazama yakizama mchangani mpaka tone la mwisho.

Sikulia. Nimelia baadaye, kwa sababu ya kitambaa. Alifunga mdomo wa tangi kwa kipande cha shuka letu la zamani, lile la maua, wadudu wasiingie.

Sista anarudi Ijumaa. Jumamosi karavani inakwenda mashamba ya kahawa ya Ruiru, kupima watoto wachanga na kuwanywesha dawa. Maji yakiwa safi, kazi ya Mutua ni yangu, na chumba cha Makongeni ni changu. Yasipokuwa safi, atatafutwa mwanamume, na chumba kitakwenda na kazi. Mwanangu Ndinda yuko Machakos kwa nyanya yake mpaka shule zifunguliwe. Hajui lolote.

Nilimwambia Sista naijua kazi hii. Niliiona tu, tena vipande vipande. Asubuhi nikipita kwenda kufua, jioni nikirudi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimesugua tangi mpaka mkono ulipofika. Nimekoroga unga wa klorini kwenye ndoo, kama Mutua. Nimejaza tangi, nimepiga pampu mpaka bomba la ndani likatoa harufu ya dawa. Macho yaliwasha. Nikafungua koki papo hapo, nikamwaga yote, nikasuuza mara mbili. Nimejaza maji safi.

Nimefurahi kidogo. Kisha nimeona aibu kufurahi.

Jumatano, 7 Agosti

Mabaya. Maji yanateleza kwenye ulimi, yana harufu ya tope. Mzee Elijah wa stoo ameonja, akatema.

"Ai, Mama Ndinda! Haya ni maji ama ni supu ya vyura?"

Amecheka. Ameona uso wangu, akarudi stoo. Baadaye ameniletea chai kwenye kikombe chake mwenyewe.

Nimerudia yote. Dawa zaidi. Ndoo ishirini na kitu kutoka bombani. Sikumwuliza Elijah. Nikiuliza, wote watajua kwamba nilidanganya.

Alhamisi, 8 Agosti

Bado. Utelezi ule ule. Mgongo unauma. Nimemkasirikia Mutua kwa kufa bila kunionyesha.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilikuwa natafuta kijiko cha sukari. Nikashika kile kikubwa, kilichopinda shingo. Kijiko cha Mutua. Hakukipenda. Kila siku alikula kwa mkono. Siku za tangi tu ndipo alipokiomba, kwa sababu vidole vilinuka dawa.

Nikakaa kitandani. Siku za tangi alikuja kula nyumbani. Siku nyingine hakuja. Alikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, taratibu, akasimulia habari za yadi ya misheni, akajinyoosha kidogo, kisha akapanda baiskeli akarudi. Akarudi kumaliza. Kwa hiyo alipokuwa akila, kazi ilikuwa haijaisha. Dawa ilikuwa imo tangini, inafanya kazi yake. Mimi nimekuwa nikiimwaga hata haijashika.

Nimekimbia njia yote. Saa mbili dawa ilikuwa ndani. Nikakaa juu ya ndoo, nikangoja mpaka saa sita. Nimeumia sana nikingoja. Miaka yote ile nilidhani alikuja kwa ajili yangu. Kumbe alikuwa anasubiri dawa.

Elijah alipita akaniuliza kwa nini nina uso kama wa matanga mapya. Nikamwambia yote, hata uongo wangu. Hakunikemea.

"Mama Ndinda, wewe pia! Yule aliyefanya kazi hii kabla ya Mutua alingojea hapa hapa, chini ya mkaratusi, analala kama gunia. Huyu wako akapanda baiskeli. Maili tatu kwenda, tatu kurudi, hata mvua ikinyesha. Tulimcheka! Nikamwambia, wewe Mkamba, kaa ukule mkate na sisi. Akasema hapana, leo nimepata nafasi ya kumwona Mama Ndinda."

Nikafungua koki. Nikasuuza mara tatu, mpaka harufu ikaisha.

Jumamosi, 10 Agosti

Sista amekunywa glasi moja. Akainua ya pili kwenye mwanga, akainywa nayo. Akanipa ufunguo wa karavani.

Ruiru ukungu ulikuwa mzito, kahawa haionekani. Akina mama wengi. Nimechota maji yangu kutoka bomba la karavani, Sista akachanganya dawa, watoto wakanywa. Mmoja alinitapikia begani. Nilitaka kumweleza mtu. Nimeandika hapa.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya tangi. Nimemwaga, nimesugua, nimetia dawa saa mbili. Elijah amenipa nafasi chini ya mkaratusi. Nimemshukuru, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Ndinda alikuja kutoka shuleni kula, akashangaa kunikuta. Akauliza kama ninaumwa. Nimesema hapana. Tumekula muthokoi, mimi kwa kijiko kilichopinda. Amenieleza habari za darasani, zote, na nimesikiliza mpaka mwisho.

Kisha nikarudi kufungua koki.