Mama Yuko Kitanda cha Nne

Kitale, Jumatano

Mke wangu Nekesa, mama wa watoto wangu,

Nakusalimu kutoka kwa hii baridi ya Kitale, nikitumaini umeamka vizuri wewe na watoto, na kwamba yule ng'ombe wa mabaka ameacha kukohoa. Mahindi yetu yamefika wapi? Ya jirani wa huku nayaona juu ya ukuta, yameshatoa ndevu, na kila nikiyaona nakukumbuka huko Kabuchai umeinama na jembe peke yako. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma hapa chini, na tafadhali kaa kwanza. Kama Naliaka yuko karibu, mtume achote maji.

Nekesa, mama yako hayuko Nakuru kwa kaka yako Barasa. Yuko hapa. Yuko kwa hii nyumba ya wazee ninayofanya kazi, wodi ya akina mama, kitanda cha nne karibu na dirisha. Amekuwa hapa tangu wakati wa kupanda. Kila Jumapili ukinipigia simu uniulize, "Baba Naliaka, Barasa amekwambia mama anaendeleaje?" na mimi nikujibu ati anaendelea vizuri, nilikuwa nakudanganya, na yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nitukane. Ukimaliza kunitukana endelea kusoma, maana kuna jambo nataka ufanye na halingoji.

Siwezi kulisema kwa simu. Simu zetu zinakaa kwa ofisi ya matroni tangu mfanyikazi mmoja apige picha za wazee wakiwa wamelala kwa mikojo. Jumapili tunapewa dakika chache, naye matroni ameketi hapo hapo anasikiza. Vitambulisho vyetu viko kwa droo yake. Siku za ofu zimesimamishwa mpaka watu wengine waandikwe, na getini kuna soja. Watu wa kwetu wanasema ati Kitale ni karibu, ningekuja nyumbani nikanywa chai nikarudi. Waache waseme. Barua hii anakuletea fundi wa mabomba, mtu wa Sirisia, aliyekuja kurekebisha tangi la maji. Anamaliza leo, kwa hivyo naandika haraka nikiwa ndani ya stoo ya mashuka.

Ilikuwa hivi. Baada ya kile kiharusi, mkono na mguu wa kushoto wa mama yako ilipolegea, Barasa aliwaambia nyote anamchukua akaishi kwake. Gari likaja likaingia kwa geti letu hapa kazini. Barasa akaniona, akacheka kwa furaha. "Shemeji! Si hii ni bahati? Mama atakuwa na mtu wake hapa." Halafu akanivuta kando. "Nekesa asijue. Atamrudisha kijijini, na huko nani atamwinua? Na wewe kumbuka ni nani alikuongelea ukapata kazi hii."

Nikakubali. Barasa amekaa mjini mpaka amesahau mila. Mtu wake! Mimi ni mkwe, bana. Kati ya watu wote wa dunia hii, mimi ndiye wa mwisho kumwogesha mama yako. Unajua tangu tuoane sijawahi kumpa mkono. Jina lake silitaji, hata kwa rejista namwandika Kitanda Nne. Akinikuta njiani huwa anaingia kwa mahindi mpaka nipite. Sasa mlaze mama huyo kitandani, halafu nisimamishe mimi mlangoni na karai la maji moto. Fikiria tu.

Mwanzoni nilikuwa na mwenzangu wa zamu, Rose, ndiye alikuwa anamshughulikia. Rose akachoka akaenda zake, na hakuandikwa mwingine. Nikabaki peke yangu na wodi mbili, ya wanaume na ya wanawake. Nikaenda kwa matroni nikamwambia wodi ya akina mama siwezi, bila kutaja sababu. Akaniambia, "Mzee si mwanaume, si mwanamke. Mzee ni kazi. Fanya ama uache." Nilitaka kumwambia ukweli, lakini kwanza nikamuuliza mama yako, nikiwa nje ya mlango. Akajibu kwa ukali, "Usithubutu! Wajue mimi ni mkweo, halafu wakuone unaingia huku na karai? Nitaweka uso wangu wapi?"

Kitanda cha tano yuko Mwalimu Rehema. Ni mama wa Kiislamu wa hapa mjini, alifundisha miaka mingi, na mdomo wake haujastaafu. Yeye ndiye akawa mikono yangu. Mimi nasimama nyuma ya pazia natoa maagizo. Mwalimu, mgeuze upande wa kulia. Mwalimu, mpake mafuta mgongoni. Naye na moyo wake mgonjwa anahema, anasema, "Nyinyi Wabukusu mtakuja kufa kwa adabu!" Mama yako anacheka chini ya leso. Nimemsikia akicheka, Nekesa. Lakini yalikuwa makosa, mgonjwa kumuuguza mgonjwa, na mimi natia sahihi kwa kitabu cha kugeuza wagonjwa kana kwamba mikono ni yangu. Kitabu chenyewe tunakijaza asubuhi kwa siku nzima. Wakaguzi wakija kinawafurahisha sana, pamoja na mashuka mapya yanayotolewa stoo siku hiyo tu.

Tulikuwa na alama yetu. Leso ikining'inia mlangoni, hajajistiri, siingii. Ikiondolewa, ameshajifunika, naweza kupitisha chakula nikiangalia sakafu. Sasa wiki mbili zilizopita watu wa kufua walibeba ile leso pamoja na mashuka. Nikaja na uji, nikakuta mlango mtupu, nikaingia. Alikuwa amekaa kando ya kitanda anabadilisha nguo. Aliponiona akaruka. Mama mwenye upande mmoja mlegevu, akaruka ili anipishe, kama vile tumekutana kwa njia ya shamba! Akaanguka kati ya kitanda na ukuta.

Na unajua mimi nilifanya nini? Niligeuka nikaangalia ukuta. Mimi mwenye cheti, mimi niliyefundishwa jinsi ya kumwinua mtu aliyeanguka, nilisimama na bakuli la uji, mgongo kwake, nikimwita Mwalimu Rehema amwinue, na Mwalimu hawezi kuinua hata birika. Mama yako alikuwa analia chini pale. Kila nikitaka kugeuka ananiambia, "Usigeuke, mwanangu, sina nguo." Mpishi alipofika kumwinua, uji ulikuwa umeshapoa mkononi mwangu.

Mguu wake wa kulia sasa ni mfupi kuliko mwenzake, na vidole vimeangalia nje. Hiyo ni nyonga imevunjika, sihitaji daktari kuniambia. Matroni akaandika "aliteleza bafuni" na akampa dawa za maumivu. Nikamfuata mpaka mlango wa wodi nikamwambia huyu mama ni wa hospitali. Akasema hapeleki mtu hospitali bila mtu wa familia kutia sahihi, na Barasa ameahidi kuja Jumamosi. Jumamosi mbili zimepita. Nikamwambia basi nitatia sahihi mimi.

"Wewe kama nani?" akaniuliza, akicheka.

Nikafungua mdomo. Nikaona mama yako kwa kitanda chake anatingisha kichwa, hapana, hapana. Nikaufunga.

Jana mchana Mwalimu Rehema alishindwa kumgeuza. Akaniita, akasema kuna harufu. Kidonda kimefunguka hapo chini ya mgongo. Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikaingia. Nikasema, "Mama, nisamehe." Nikamgeuza. Nikaosha kidonda, nikakifunga, nikamtoa kwa yale majimaji, nikatandika shuka kavu. Mikono ilijua kazi yake. Alijifunika uso na blanketi mpaka nikamaliza. Nikadhani tumevuka.

Nekesa, tangu hapo hajala. Nikileta uji anafunga mdomo, na Mwalimu akileta anafunga vile vile. Anasema mwanamke aliyeonwa na mkwewe amekula cha mwisho. Nisipomgusa, kidonda kinamla. Nikimgusa, njaa itamuua. Nimegeuka kila upande na kila upande ni ukuta. Nikiruka geti kuja kukuita, nani anabaki na hawa wazee huku ndani? Mimi nimechoka, mama watoto, na ninaogopa.

Wewe mkono wako ataukubali. Kesho asubuhi nenda kwa chifu akuandikie barua kwamba wewe ni binti yake wa kumzaa, ubebe na kitambulisho. Usimpigie Barasa, maana atampigia matroni na soja hatakufungulia. Getini usiulize mimi, sema umekuja kumwona mama. Mlishe kwanza, hata kijiko kimoja, kisha utie sahihi na usitoke hapo mpaka wamempeleka hospitali. Wakinifuta kazi, wanifute. Kondoo wa kutakasa jambo hili nitamtoa kwa wazee wenu, wakitaka wawili nitatoa wawili. Wakisema nisikanyage kwenu tena, nitakubali.

Nisalimie Naliaka na mdogo wake. Nisalimie baba yangu, umwambie asipande juu ya ghala na yale macho yake. Nisalimie shangazi yako muuza ndizi sokoni Bungoma, yeye ukimwomba akukalie na watoto hatakataa. Jirani yetu mwenye duka la mbolea pia msalimie, na mama mchungaji, umwambie aombe bila kuuliza ni nini.

Kuna jambo moja nilitaka kulificha, na siwezi. Leo asubuhi mama yako alimtuma Mwalimu Rehema kwangu. Anasema nisikwambie kwamba nilimgusa, ati usije ukaniona mume asiye na heshima. Amelala pale na mfupa uliovunjika kwa sababu yangu, tumbo tupu, na kazi anayofanya ni kunilinda mimi kwako.

Fundi ananiita. Barua hii usiijibu. Njoo.

Mumeo,
Simiyu