Kinga Yangu na Mukwe Muzungu

Siku ya mungu, mangaribi.

Niko na miaka makumi munane na moja. Nilizika bashefu bangu bote ba kazi. Kinga yangu, baiskeli ya zamani, ingali inatembea.

Mado, mutoto wangu, anataka kuiuzisha. "Tata, utaanguka, utavunjika." Bwana yake Julien, muzungu, alikuja na kinga ya kupandia milima. Kwabo Ufaransa anazungukaka nayo mu mashamba, anaangalia manyumba ya bamwami ba zamani. Sasa alitaka kuona barage ya Nzilo, kwenye banafungaka mayi.

Nikasema: "Twende. Kama ananipita, Mado auzishe."

Kisha kupita Kapata nikamwambia polepole: "Mwana, kwetu Baluba mukwe hapitake tatamukwe mu njia. Ni haya kubwa."

Kuheshimia bakwe ni kweli. Ya kinga nilitunga mwenyewe.

Maskini! Ku kila mulima nilishuka, nikasukuma, nikapumzika. Naye alisimama nyuma, jasho inatiririka.

"Tata, tunaenda?"

"Ngoja. Njo niko nakungojea weye!"

Magoti inaniuma sana. Mado asijue.

Ku nyumba Mado aliuliza nani alishinda. Kinga inabaki. Mwenye kukatala aulize bamama ba kuuzisha samaki ku barage, ao Julien mwenyewe: nilikuwa mbele njia yote.