Nilisema Umuhire Hajui Kusoma

Mama Jamila mupendwa,

Ninakusikiliza kila juma kwenye redio nikiwa ninapika, na sijawahi kufikiri kwamba siku moja mimi pia nitakuomba unisaidie, lakini jambo hili limenikaa rohoni na sina mutu wa kumwambia, kwa sababu bwana yangu anasema ni mambo ya kazi yatapita, na walimu wenzangu wananipongeza, na mimi kila ninaposikia pongezi zao ninatamani kulia.

Ninafundisha mwaka wa tano wa primeri, huku upande wa Mugunga. Klasi imejaa, watoto wanabanana kwenye benchi, na wengi walifika hapa na wazazi wao wakikimbia vita, mwaka huu wamesoma, mwaka ule hawakusoma. Masomo yalipoanza, walimu tulifundishwa kwenye semina namna ya kupima kila mutoto peke yake: unamupa hadithi fupi ya Kifaransa, anaisoma kwa sauti muda wa dakika moja, unaandika maneno aliyosoma vizuri, kisha unamuuliza maswali kuona kama ameelewa. Baadaye unawagawa watoto kufuatana na pale kila mumoja alipofikia, bila kujali umri, na unamufundisha kila mumoja kile kinachomupungukia. Niliipenda kazi hiyo, maana miaka yote nilikuwa nasimama mbele nikifundisha wale wanaonyoosha mukono, na wale wanaonyamaza nilikuwa nawaita wavivu.

Nikawapima wote. Kuna kijana anaitwa Éphraïm, alikuwa ananakili ubao vizuri sana hata nilidhani anasoma, kumbe alikuwa anachora tu herufi kama mutu anayechora nyumba. Nikakaa naye muchana kwenye kikundi cha wanaoanza kusoma, na leo Éphraïm anasoma. Ninakuambia hili ili ujue kwamba kipimo kilitusaidia kweli, na labda ndiyo sababu nilikiamini kupita kiasi.

Sasa Umuhire. Ni musichana mukubwa, amewazidi wenzake karibu kichwa kizima, alitoka Kalengera na mama yake, Mama Dative, na huko alikuwa amesoma miaka ya kwanza kabla vita havijakatisha masomo yake. Nilipomupa ile hadithi ya Kifaransa aliiangalia tu. Nikamwambia ajaribu. Akajaribu neno moja, likamushinda, akainamisha kichwa, na dakika ikaisha. Nikaandika sifuri na nikamuweka kwenye kikundi cha mwisho, pamoja na wadogo wanaosoma ba, be, bi. Hakubisha. Alikaa nao pale, magoti yamebanwa chini ya benchi, akirudia silabi kwa sauti ndogo, na mimi nikaona mutoto mutii, sikuona haya iliyokuwa usoni mwake.

Kisha ukaja mukutano wa wazazi. Direktere wetu, mukubwa wa shule, Papa Nsanzimana, aliniomba nisome matokeo mbele ya watu wote, jina kwa jina, ili wazazi waone kwamba kazi inafanyika. Nikasoma. Nilipofika kwa Umuhire nikasema, "Huyu hajui kusoma hata kidogo." Nyuma kuna wazazi waliocheka, na Mama Dative alikuwa amekaa katikati yao. Umuhire mwenyewe alikuwa amesimama mulangoni na wasichana wengine, na alisikia yote.

Hakurudi tena ku masomo. Nilingoja, nikafikiri labda anaumwa, mwishowe nikaenda kwao. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia kwamba mutoto ameenda na mama yake mudogo kule Vitshumbi, ku ziwa, anapasua samaki na kuwakausha. Nikauliza kwa nini. Akanijibu bila hasira:

"Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema hajui kusoma hata kidogo, na ameshakuwa mukubwa. Abakie ku masomo kufanya nini?"

Kisha akaongeza, kama mutu anayejisemea, kwamba sasa kikundi chao cha maombi kimebaki bila musomaji, kwa sababu Umuhire ndiye aliyekuwa anawasomea Biblia, kwa Kiswahili, sura nzima, na wamama wakikwama kwenye maana yeye ndiye anawaeleza.

Mama Jamila, nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki nilipita wapi. Kesho yake nikawaita watoto wa kikundi cha mwisho mumoja mumoja, nikawapa hadithi ya Kiswahili. Karibu nusu yao waliisoma bila kukwama na wakajibu maswali. Watoto hawa walikuwa wanajua kusoma. Walichokosa ni Kifaransa, kwa sababu vita viliwakuta pale pale ambapo masomo yanageuka kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, na mimi nikawarudisha kwenye ba, be, bi.

Nilipomweleza direktere, alisema ripoti imeshafika kwa enspektere anayekagua shule, shule imesifiwa, nisivuruge mambo. Mama Dative alinipa namba ya simu ya dada yake wa Vitshumbi, akasema pengine mutoto atanisikiliza mimi kuliko yeye. Ninashika simu, ninaiweka chini, ninaishika tena. Nitamwambia nini? Nimupigie, ama nimuache apone bila kusikia sauti yangu? Na direktere nimutii, ama nifanyeje?

Mwalimu Christa, Mugunga

*

Mwalimu Christa,

Nimeumia pamoja nawe, na pia nimekukasirikia, kwa hiyo nivumilie, nitasema yote mawili.

Usiache kupima watoto. Mwalimu asiyepima anafundisha sauti yake mwenyewe, na Éphraïm angemaliza primeri akichora herufi bila mutu kugundua. Lakini angalia kile ulichopima na kile ulichotangaza. Kipimo kilikuambia kwamba siku ile, mbele yako, Umuhire hakuweza kusoma hadithi ile ya Kifaransa. Basi. Maneno "hajui kusoma hata kidogo" hayakutoka kwenye kipimo, yalitoka kinywani mwako. Sifuri ilikuwa inakuomba umuulize mutoto swali moja tu: wewe, ulijifunza kusoma kwa lugha gani? Hukumuuliza. Ulikuwa na haraka ya kumupangia mahali pa kukaa.

Na hata kama ingekuwa kweli, mama, mbele ya wazazi wote? Matokeo ya mutoto ni ya mutoto, ya muzazi wake na ya mwalimu wake. Papa direktere alikosea kukuomba, lakini mudomo uliosoma ni wako, na ungeweza kumujibu kwa heshima kwamba utazungumza na kila muzazi peke yake.

Unasema unaogopa kumuumiza tena kwa simu. Mimi nadhani unajiogopea wewe, utakachosikia akijibu. Piga. Pita kwanza kwa Mama Dative, muombe yeye pia musamaha, maana alichekwa na jirani zake kwa ajili yako, na upige ukiwa umekaa kwake. Usianze na "rudi." Mwambie hivi: "Umuhire, nilikosea. Nilikupima kwa lugha ambayo hawakumaliza kukufundisha, nikasema mbele ya watu jambo ambalo si kweli. Wewe unajua kusoma." Halafu nyamaza. Akilia, ngoja. Akikata simu, umepokea ulichostahili, na mama yake atamupigia siku nyingine.

Kuhusu klasi, huhitaji ruhusa ya mutu kumufundisha mutoto anachokosa. Wale wanaosoma Kiswahili watoe kwenye silabi kesho asubuhi. Wape hadithi kwa Kiswahili kwanza, waizungumze, kisha waipate ileile kwa Kifaransa, sentensi baada ya sentensi, waone kwamba ile akili waliyosomea mwanzo bado inafanya kazi. Wale ambao kweli bado hawasomi, baki nao, uwe na subira. Na uwapime tena, kwa lugha zote mbili, na anayesogea umusogeze, asizeeke kwenye kikundi ulichomuweka.

Direktere umuone ofisini, peke yenu. Muwekee matokeo yote mbele, umuombe muandike pamoja kwa enspektere kwamba mumegundua jambo jipya. Hiyo haimuaibishi mutu. Akikataa, mwambie utaandika wewe, na uandike. Sifa iliyojengwa juu ya watoto waliopimwa vibaya itawaumiza na wale wa mwaka ujao. Na mukutano wa wazazi ukiitishwa tena, Mama Dative akikubali, simama pale pale ulipomutaja binti yake, urekebishe neno lako kwa sauti ileile.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Vitshumbi ni mbali, barabara unaijua, na musichana akishazoea kazi na kuona anafaa, benchi ya shule si rahisi kuirudia. Pengine utabaki na uzito huo, na sitakudanganya kwamba utaisha. Lakini asipasue samaki kule hata siku moja zaidi akiamini kwamba hajui kusoma, kwa sababu tu mwalimu wake alisema hivyo na hakuna aliyemutafuta kumwambia si kweli.

Mama Jamila