Mbegu Zilizopakwa Dawa

Jumatatu, 10 Januari 1977

Landrova imeleta barua toka Mpanda. Mbegu za mahindi tulizogawa Novemba, zile nyekundu, zimepakwa sumu. Zisiliwe, hata zikioshwa. Zilizobaki zirudishwe stoo.

Nimeisoma mara tatu. Bibi shamba hapa Kabungu ni mimi. Niliyezigawa ni mimi! Nikawaambia dawa haina neno, mtu anawe mikono tu. Ndivyo nilivyoambiwa na mimi.

Na huu ndio mwezi wa njaa. Vihenge vitupu.

Jumatano, 12 Januari

Mkutano. Wamecheka. Telesphor kasema kuku wake wamezidonoa, wapo, wanataga. Mwenyekiti Eustace naye: sumu ni njaa, bibi shamba. Makofi!

Kisha akasimama Médiatrice, yule mama mkimbizi wa Burundi. Kauliza taratibu: "Novemba mlisema dawa. Leo mnasema sumu. Nyie mlitudanganya siku ipi?"

Yamerudi madebe mawili tu.

Jumamosi, 15 Januari

Nimepita kwa Telesphor. Mkewe, Marsela, hawezi kushika mwiko — mikono inatetemeka. Midomo ina ganzi, anasema. Anayumba kama mlevi, na pombe hanywi. Zahanati wamempa klorokwini, ya malaria.

Nikauliza wamekula nini. Telesphor: homa tu hiyo. Marsela kaangalia chini. Baadaye ndiyo kasema — tangu Krismasi. Wanaziosha mara saba, mpaka maji yatoke meupe.

Mungu wangu.

Jumapili, 16 Januari

Misani nilikuwepo, sikusikia kitu. Mchana nikaandika ripoti. Jioni kaja Eustace. Kula mbegu za serikali ni kosa, kasema. Telesphor atafungwa, na kijiji kitakosa mahindi ya msaada. Andika homa, mwanangu. Kwa upole, kama baba.

Nimeichana.

Jumatatu, 17 Januari

Nimeandika upya. Yote. Na niliyoyasema mimi Novemba.

Jumanne, 18 Januari

Marsela kachukuliwa na Landrova asubuhi, kwenda hospitali. Miguu haimbebi tena. Macho nayo — alinipapasa uso ndiyo akanijua. Ripoti nimempa dereva. Telesphor alipopanda kanitazama: "Wewe ndiye uliyetugawia." Basi. Wakaondoka.

Mchana huu kaja Médiatrice na beseni. Mbegu zimeloweshwa, maji mekundu. Kalitua mlangoni kwangu.

"Chukua. Sasa niambie watoto wangu wale nini leo."

Nilikuwa na unga wa siku mbili. Nimempa nusu. Kauangalia, kaufunga kwenye kanga, kashukuru. Lakini hajaondoka. Kakaa hapo kizingitini, nikadhani anapumzika. Kumbe anawasubiri wenzake. Mama Yotham anakuja, beseni kichwani. Nyuma yake wanawake wengine watatu — hapana, watano.

Wananiita. Naandika ili nisitoke nje.