Asidi ya Sita

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi za maabara. Lile jedwali la umbali kati ya asidi amino, zile shanga zako za protini, nimelimaliza hapa wodini. Kila jozi iliyokaribiana niliitia alama kwa penseli. Nilipata migusano mingi mno, nikajisifu, kumbe nilihesabu hata zinazofuatana kwenye mnyororo, ambazo kukaribiana kwake si habari. Nimefuta zote na kuanza upya. Usinicheke.

Muuguzi aliniuliza, "We mtoto, umeajiriwa?" Nikamwonyesha asidi ya sita, ile iliyobadilika ikaniletea selimundu, huu ugonjwa wangu wa damu, inavyong'ang'ania protini ya jirani. Akasema, "Kumbe mchokozi ndiye huyu!"

Maumivu yamepungua, ila nimechoka, Mama Mdogo. Hii ni mara ya nne mwaka huu. Jana Mama alikunja sare yangu, akaiweka chini kabisa ya sanduku. "Pumzika mwanangu, shule haikimbii." Lakini mtihani wa mwisho ni baada ya wiki tatu, na mwalimu mkuu anataka sahihi ya Mama ya kuniruhusu niufanye, kufikia Ijumaa. Nilimbishia, akalia. Sitaki kumliza tena.

Wewe ni mdogo wake, anakusikiliza. Tafadhali mpigie kabla ya Ijumaa. Usimwambie nimepona, maana sijapona. Mwambie nimeomba kufanyia mtihani kitandani, na mwalimu amekubali.

Mwanao anayekusubiri,
Kitinda mimba wa dada yako