Sheria ya Nyasi ya Punda

Mwende, mjukuu wangu,

Huku Zombe tuko salama. Mama yako amevuna ndengu mpaka magunia yakaisha, na shangazi yako ameokoka tena.

Umeniuliza kama ni kweli sheria ya zamani ya kaunsili ilitaka kila mkokoteni wa punda ubebe nyasi, maana huko chuoni umeitafuta ukaikosa. Ile ya kila mkokoteni kuwa na kibati cha namba ilikuwa ya kweli. Hii ya nyasi, ngoja nikwambie.

Nikiwa msichana, ni mimi peke yangu mwanamke niliyeendesha mkokoteni hapa sokoni, nikiuza maji. Punda wangu alipenda mboga za watu, kwa hivyo nilimbebea nyasi zake, ale nikiteremsha mitungi. Siku moja punda wa Mutua, muuza maji mwenzangu, akamaliza sukuma wiki za mama mmoja muuza mboga. Askari wa kaunsili akamfokea Mutua, "Nyasi ya punda wako iko wapi? Si unaona huyu msichana anayo?"

Mutua akadhani ni sheria. Akawaambia wenzake, na siku ya soko iliyofuata kila mkokoteni ulikuja na nyasi, hata wa wale wanaume waliokuwa wakinicheka. Ukiwauliza wanakujibu, "Sheria ni sheria." Mimi nilikaza tu kamba ya nyasi zangu.

Basi usisumbuke na vitabu, mama. Hiyo sheria niliitunga mimi, na sijasikia mtu ameivunja.

Susu yako