Bangili Kwenye Ndoo ya Mchele

Jeddah, 14 Februari

Kwako Mama Mourine,

Nisamehe, mama, kwa kukaa miezi saba bila kukuandikia. Kalamu nilikuwa nayo, uso ndio sikuwa nao. Natumai ule mguu umepoa na mahindi yalikubali. Mimi ni mzima, uchovu tu. Barua hii namkabidhi Allan, dereva wa jirani, anayekuja likizo.

Najua mliambiwa Mourine aliiba bangili ya madam. Siku ile madam alitupiga makofi sote wawili, akasema mikono yetu Wakenya ina gundi. Askari walipomtoa, Mourine aliniambia nimalizie kupiga pasi nguo za baba, mume wa madam, nisije nikatukanwa tena.

Wakati huo madam alikuwa amebadilika. Ana miaka hamsini na moja. Alikuwa halali, anatoka jasho na AC inawaka, simu anaiweka kwenye friji halafu mwizi ni mimi. Mwezi wa kumi tulikwenda Riyadh, kwa daktari wa kike kule Olaya. Alinichukua niwe kichwa chake, maana maagizo anayasahau kabla hajafika mlangoni. Daktari alieleza kwamba mwanamke akikaribia kukoma hedhi, homoni iitwayo estrojeni hupanda na kushuka, kisha hupungua kabisa, na ubongo ulioizoea huyumba: usingizi, hasira, kumbukumbu. Akasema si wazimu, na wengi hutulia. Nikamkumbuka shangazi yangu Selipher, tuliyemwita mchawi kwa hayo hayo. Madam alipewa plasta za homoni, na mimi ndiye humbandika kiunoni mara mbili kwa wiki.

Zilimfaa. Analala sasa. Wiki jana, akinywa gahawa, alishtuka akasema amekumbuka: bangili aliificha mwenyewe kwenye ndoo ya mchele, akihofia wageni wa harusi waliojaa nyumbani siku zile. Akakimbia jikoni akamwaga mchele wote sakafuni. Mafi, hamna kitu. Baba akacheka hadi akakohoa, akamwambia halas, yatosha, homoni sasa zinamwotesha mchana. Madam akalia. Mimi nikazoa mchele.

Mama, haikuwemo kwa sababu ninayo mimi. Niliipata siku ya tatu baada ya Mourine kuchukuliwa, nikipima mchele wa chakula cha mchana. Niliona nikisema, watasema tulishirikiana, na mwanangu Ivy ana miaka mitatu tu. Nikaishona ndani ya mto. Miezi saba nimeilalia, na mwanao analala jela. Sikuombi unisamehe hilo.

Kesho, Allan akishaondoka, nitampa madam bangili yake mbele ya baba na kusema yote. Labda nitabebwa mimi. Kwa hiyo usinijibu mimi. Hezron wa mtaa wa Bani Malik hapa Jeddah, anayetusaidia na kesi, ndiye apewe vitu ninavyovitaja hapa chini Allan akirudi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wale wasiotaka kusikia jina langu pia. Tuma nakala ya pasipoti ya Mourine, namba ya kitambulisho chake, barua ya chifu kwamba ni mwanao, na jina la mtu atakayemchukua Ivy kwa shemeji yangu nikifungwa. Hilo la mwisho, mama, ningeomba liwe lako.

Ni mimi,
Emmaculate, niliyelala chumba kimoja na mwanao